UZI: Mzani uliopinda. Namna tunavyokagua tafiti kwenye mapitio ya kimfumo

Mwana wa Igoma (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Nipo Mwanza, na kwa miezi kadhaa nimezama kwenye mapitio ya kimfumo, ile kazi ya kukusanya tafiti zote zilizojibu swali moja, kuzikagua mmoja mmoja, kisha kuangalia zikiwekwa pamoja zinasema nini. Swali letu linahusu afya ya wavuvi. Wiki iliyopita msimamizi wangu amenirudishia jedwali lote la ukaguzi. Hakusahihisha kitu. Aliandika juu kabisa: "Hizi alama ni za nini?"

Nilikuwa nimeupa kila utafiti alama kati ya 0 na 10. Maswali kumi, kila "ndiyo" alama moja. Je, lengo limeelezwa? Je, kuna kibali cha maadili? Je, ukubwa wa sampuli ulikokotolewa? Je, washiriki waligawanywa kwa kura? Je, waliopotea njiani wameelezwa? Na kadhalika. Utafiti mmoja uliandikwa vizuri sana, majedwali safi, nikaupa 8. Zile alama mbili ulizokosa nikaziona ndogo. Moja kati ya hizo mbili ilikuwa hii: sehemu kubwa ya washiriki hawakuonekana mwishoni, na hakuna aliyeeleza walikwenda wapi.

Sasa naomba niwarudishe nyuma kidogo. Kabla sijarudi shule nilifanya kazi ya kukusanya data kwenye mialo ya Ukerewe, yale maeneo ya ufukweni ambako mitumbwi hushusha samaki. Wanaoijua kazi ya dagaa wanajua kwamba dagaa huvuliwa gizani. Mwezi ukipevuka taa haivuti kitu, kwa hiyo nyavu zinaanikwa na vijana wanaondoka. Wengine wanarudi makwao Magu au Bunda, wengine wanahamia mwalo waliosikia una sangara. Safari moja tulifika wakati wa mbalamwezi. Tuliwakuta akina mama wanaoanika dagaa, wenye maduka, wazee. Wavuvi wenyewe, ambao ndio walioshinda majini na ndio tuliowafuata, hawakuwepo. Kwenye fomu nilikuwa naandika "hayupo", "hayupo", "hayupo", ukurasa mzima.

Niliposoma swali la msimamizi nilizikumbuka fomu zile. Mimi niliyeandika "hayupo" kwa mkono wangu nimekuja kuutoza utafiti wa mwenzangu alama moja tu kwa kosa ambalo linaweza kuwa limegeuza jibu lote. Ndiyo maana naandika uzi huu, kwa sababu naamini wengi wetu huku vyuoni tunakagua hivi hivi na hakuna anayetuambia.

Kwanza neno lenyewe. Tunasema "hatari ya upendeleo", na wengi wakisikia upendeleo wanafikiri mtafiti anatuhumiwa kupendelea mtu au kupika data. Sivyo. Fikiria mzani pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Mzani mzima unaweza kuyumba kidogo, leo ukazidisha, kesho ukapunguza, ukipima mara nyingi yumbo linajisawazisha. Mzani uliopinda unakula gramu zilezile kila mara, na muuzaji anaweza kuwa mwaminifu kabisa wala hajui. Ukipima kilo moja unakula, ukipima tani kumi unakula. Upendeleo ni huo mpindo. Ndiyo maana sampuli kubwa haiuponyi, na ndiyo maana mapitio ya kimfumo yakikusanya mizani kumi iliyopinda upande mmoja yanatoa jibu lenye uhakika mkubwa na lililo kosa.

Sasa kwa nini kujumlisha alama ni hatari. Mwaka 1999 Peter Jüni na wenzake walichukua tafiti 17 zilizolinganisha aina mbili za heparini, mpya na ya zamani, dawa ya kuzuia damu kuganda, wakazipima kwa orodha 25 tofauti za ubora zilizokuwa zinatumika wakati huo. Kwa orodha 6, tafiti "bora" hazikuonyesha faida ya maana ya dawa mpya na tafiti "hafifu" zikaionyesha. Kwa orodha 7 ikawa kinyume chake. Tafiti ni zilezile! Kilichobadilika ni nani aliamua kibali cha maadili kina alama ngapi na kura ina alama ngapi.

Na tazama tunachokichanganya humo. Kibali cha maadili ni jambo zito, lakini hakinyooshi mzani. Ukokotoaji wa sampuli unahusu kama utafiti una nguvu ya kuona tofauti, nao haunyooshi mzani. Uandishi mzuri ni uandishi mzuri.

Chombo tulichoambiwa tutumie sasa kwa tafiti za majaribio ya kura, yaani zile ambazo nani apate tiba ipi huamuliwa kwa kura, ni RoB 2, kilichotoka 2019. Hakina jumla ya alama. Kinakupitisha sehemu tano: kura ilipigwaje, je, watu walipata kile walichopangiwa au walikengeuka, data zilizokosekana, matokeo yalipimwaje, na je, waandishi walichagua matokeo ya kutuonyesha. Kila sehemu ina maswali madogo, unajibu ndiyo, huenda ndiyo, huenda hapana, hapana, au hakuna taarifa, kisha unatoa hukumu: hatari ndogo, wasiwasi kiasi, hatari kubwa. Sehemu moja ikiwa na hatari kubwa, tokeo zima lina hatari kubwa. Uzuri wa sehemu nne haununui ubovu wa ya tano. Na unakagua tokeo, hukagui makala: utafiti mmoja unaweza kuwa salama kwenye vifo na ukawa hatarini kwenye maumivu.

Sehemu ya kura watu huipita haraka kwa sababu makala imeandika "washiriki waligawanywa kwa kura" nao wanaweka ndiyo. Subirini kwanza. Swali lenye uzito ni je, aliyekuwa anaandikisha aliweza kujua anayefuata ataangukia kundi gani? Kama bahasha zinaonekana zikielekezwa kwenye taa, au mpangilio ni leo kundi hili kesho lile, muuguzi mwenye huruma atamsubirisha mgonjwa mahututi mpaka zamu ya dawa mpya, au atamwondoa. Mwaka 1995 Kenneth Schulz na wenzake walipitia majaribio 250 ya masuala ya ujauzito na uzazi, wakakuta yale ambayo kura haikufichwa sawasawa yalikuza faida ya tiba kwa wastani wa asilimia 41 kwa kipimo cha uwiano wa odi, kinacholinganisha uwezekano wa tokeo kati ya makundi mawili. Asilimia 41 inayotokana na bahasha!

Karibuni tujadili. Waliokwishapita njia hii naomba msikae kimya.

---

Kijana wa Butimba

Mkuu asante kwa madini haya. Nina swali la kweli. Huku kwetu tafiti nyingi ni za vijijini: elimu ya afya, vyoo, vyandarua, kliniki. Huwezi kumficha mwanakijiji kama amepewa elimu au hajapewa. Ina maana zote zitaangukia hatari kubwa? Tutabaki na nini cha kupitia?

---

Mwana wa Igoma

@Kijana wa Butimba swali zuri sana. Kutowaficha watu kundi lao peke yake hakuuhukumu utafiti. Unauliza hatua moja mbele: kujua huko kungeweza kubadilisha kipimo?

Mfano upo hapa hapa mkoani. MEMA kwa Vijana, jumuiya 20 za vijijini, ulianza mwishoni mwa miaka ya 90: elimu ya afya ya uzazi darasa la 5 hadi la 7, huduma za afya rafiki kwa vijana na shughuli nyingine za kijamii. Walipima mambo mawili. Waliwauliza vijana kwa mdomo wanajua nini na wanafanya nini, na walichukua vipimo vya maabara. Majibu ya mdomo yalikuwa mazuri: maarifa yamepanda, mitazamo imebadilika, na baadhi ya tabia walizoeleza ni nzuri zaidi. Vipimo vya maabara, VVU na magonjwa mengine ya zinaa, havikuonyesha mabadiliko ya kueleweka.

Kijana aliyefundishwa miaka mitatu jibu jema ni lipi anajua cha kumjibu mtu wa dodoso. Damu haijui ilikuwa kundi gani. Kwa hiyo utafiti uleule, siku ileile, kwa kipimo cha tabia kwa mdomo ningeweka hatari kubwa kwenye sehemu ya upimaji, kwa kipimo cha damu ningeweka hatari ndogo kwenye sehemu hiyo hiyo. Nawaheshimu sana watafiti wale kwa kupima vyote viwili. Wangepima mdomo peke yake leo tungekuwa tunausifu mradi kwa jambo ambalo haukulifanya.

---

Takwimu na Ukweli

Nimefuata uzi kimya kimya. Sasa hapa nataka tuulizane kwa uwazi. Utafiti mkubwa wa Mwanza wa 1995, wa kutibu magonjwa ya zinaa ili kupunguza VVU, ulisema maambukizi mapya yamepungua kwa kama asilimia 40. Rakai, kule Uganda, walijaribu, matokeo 1999, hakuna kitu. Masaka, Uganda pia, walijaribu, matokeo 2003, hakuna kitu. Wote tupo ziwa moja. Mbili kwa moja. Je, si ushahidi kwamba wa Mwanza ndio uliokuwa na upendeleo? Au kwa sababu ni wa nyumbani hatuusemi?

---

Mwana wa Igoma

@Takwimu na Ukweli nashukuru umeuleta huu, maana nimeusoma mara nyingi kuliko mwingine wowote. Nitajibu kwa urefu.

Kwanza, jibu la utafiti halihukumu utafiti. Tukianza kusema "huu una upendeleo kwa kuwa haufanani na wenzake" tumeshaweka mkono wetu kwenye mzani. Ukaguzi unafanywa kwa kutazama ulivyofanyika, na ungepaswa kutoa hukumu ileile hata kama matokeo yangefunikwa kwa karatasi.

Basi tuufunike. Jumuiya 12 zilipangwa jozi 6 zinazofanana, katika kila jozi jumuiya moja ikapata huduma bora za kutibu magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya, nyingine ikabaki kuwa linganishi. Kwa kila jumuiya walichukua watu wazima wapatao 1,000, wakawapima mwanzoni na tena baada ya miaka 2. Kura ilikuwa ya jumuiya, kwa hiyo suala la bahasha na muuguzi mwenye huruma halina nafasi kubwa. Ila RoB 2 kwa majaribio ya jumuiya inaongeza sehemu: je, watu waliandikishwa kabla au baada ya kujulikana kijiji chao kiko upande gani? Hapo unasoma kwa makini. Kufichana hakukuwepo, kliniki inaonekana. Kipimo ni damu, hapo nina amani.

Sehemu inayonikosesha usingizi ni ileile ya mwalo. Waliandikishwa watu 12,537. Waliopatikana tena ni 8,845, yaani asilimia 71. Watu 3,692 hawakuonekana. Walioambukizwa katika kipindi hicho kati ya waliopatikana bila VVU mwanzoni walikuwa 48 upande wa huduma, kati ya 4,149, na 82 upande linganishi, kati ya 4,400. Jumla 130. Unaona mlingano wenyewe? Jibu linasimama juu ya watu 130 na waliokosekana ni maelfu.

Je, niweke hatari kubwa? Mimi nimeweka wasiwasi kiasi, na sababu nimeandika. Idadi ya waliokosekana peke yake haipindi. Inapinda pale watu wanapokosekana kwa sababu inayohusiana na tokeo, na kwa namna isiyo sawa pande mbili. Huku kwetu watu wanahama kwa ajili ya samaki, shamba, ndoa, biashara, na sababu hizo zipo kijiji chenye kliniki bora na kijiji kisicho nayo. Ukiniuliza kama wanaohama wana hatari kubwa zaidi ya VVU nitasema ndiyo, naamini hivyo. Ukiniuliza kama kliniki ndiyo iliyowahamisha nitasema sioni namna. Mwenzangu anaweza kupinga, na ndiyo maana sababu huandikwa.

Sasa Rakai na Masaka; nichukue Rakai kama mfano. Hapa ndipo wengi wanachanganya upendeleo na tofauti ya kweli. Mwanza walitibu wenye dalili, kila siku, kwenye vituo. Rakai waliwapa watu wote antibiotiki kwa pamoja kila baada ya miezi 10, na upande linganishi wakapewa vitamini na dawa za minyoo. Hizo ni tiba mbili tofauti. Halafu janga lilikuwa hatua tofauti: Mwanza waliokuwa na VVU mwanzoni walikuwa kama asilimia 4, Rakai kama asilimia 16. Ugonjwa wa zinaa unaotibika unafungua mlango kwa VVU zaidi pale janga likiwa changa. Likishaenea kwa watu wa kawaida kwenye ndoa zao, kuziba mlango ule hakupunguzi sana. Maelezo haya yamejadiliwa miaka mingi na wanaoujua ugonjwa, na mimi nayaona yana nguvu.

Kwa hiyo mizani mitatu inaweza kuwa mizima na ikatoa uzito tofauti kwa sababu samaki ni tofauti. Kuhesabu mbili kwa moja kama kura za uchaguzi kungetunyima jambo lenye manufaa kuliko yote kwenye tafiti hizi tatu, yaani lini tiba hiyo inafaa na lini haifai.

---

Takwimu na Ukweli

Nimekuelewa. Nilikuwa nimechanganya kutofanana na kupinda. Nasimama nawe kwenye wasiwasi kiasi, ingawa mimi ningetaka kuona mchanganuo wa waliohama kwa kila jozi kabla ya kulala.

---

Dada wa Maabara

Naomba niongeze la kwetu maabara maana huwa tunasahaulika. Mkipitia tafiti za vipimo, RoB 2 siyo chombo chenu. Kuna QUADAS-2, ya 2011, sehemu nne: wagonjwa walichaguliwaje, kipimo kinachojaribiwa, kipimo cha rejea, na mtiririko na muda.

Mfano kichocho cha tumbo, ambacho kando ya ziwa hili ndicho tunachokiona zaidi. Kipimo cha rejea kwenye makala nyingi ni Kato-Katz, choo kwenye kioo, unahesabu mayai kwa hadubini. Mtu mwenye minyoo michache, kioo kimoja cha siku moja kinampita kirahisi, nimeona kwa macho yangu, leo hana, kesho anayo. Sasa linakuja jaribio la kipimo cha mkojo, kinaonyesha ana kichocho, Kato-Katz inasema hana, makala inaandika kwamba cha mkojo kimekosea. Nani kakosea? Mkikagua, someni vioo vingapi, siku ngapi, na je, aliyesoma kioo alikuwa ameshaona jibu la mkojo. Mara nyingi halijaandikwa. Andikeni "haijulikani", msimjazie mtafiti jibu kwa huruma.

---

Mwana wa Igoma

Dada, hilo la kutojaza kwa huruma nimelibandika ukutani. Na kinyume chake pia: jaribio la mwanzoni mwa miaka ya 90 usilitafute kwenye rejista, majarida makubwa yalianza kudai usajili wa majaribio 2005. Kukosekana kwa taarifa siyo ushahidi wa kosa.

---

Tabibu wa Kisiwani

Wapendwa, mimi nipo zahanati, kisiwa sitakitaja. Nasoma haya yote usiku baada ya zamu. Mwisho wa siku napokea mwongozo wa wizara na dawa zilizopo kabatini. Huu ukaguzi unanifikiaje mimi?

---

Mwalimu Nyegezi

@Tabibu wa Kisiwani shikamoo kwa kazi hiyo, maana huko ndiko kunakobeba watu. Unakufikia hivi. Mwongozo unaopokea mara nyingi umetokana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na wao hutumia mfumo wa GRADE kusema ushahidi una uhakika kiasi gani: juu, wastani, chini, chini sana. Ushahidi wa majaribio ya kura unaanzia juu, kisha unashushwa. Hatari ya upendeleo ni moja ya sababu tano za kuushusha. Nyingine ni tafiti kupingana bila maelezo, ushahidi kuwa wa watu au mazingira yasiyo yako, makadirio kuwa mapana mno, na tafiti kufichwa zisichapishwe.

Hiyo sababu ya watu wasiofanana nawe itazame kwa jicho lako. Ukisoma pendekezo lenye uhakika wa juu lililotoka kwa wagonjwa wa hospitali za mijini wanaorudi kliniki kila wiki, wewe ndiye unayejua kwamba mgonjwa wako atarudi boti ikipatikana. Sauti yako ikifika kwenye kamati inaweza kushusha daraja.

---

Tabibu wa Kisiwani

Asante mwalimu. Nimekuelewa.

---

Kijana wa Butimba

La mwisho kwangu. Tafiti ambazo hazikupiga kura kabisa? Zangu nyingi ni za aina hiyo. Na mnakagua wangapi?

---

Mwana wa Igoma

Kwa hizo kuna ROBINS-I, ya 2016, sehemu saba. Siri yake ni moja: kabla hujafungua makala, andika jaribio la kura ambalo ungetamani lingefanyika kujibu swali hilo, kisha pima makala imeachana nalo wapi. Sehemu ya kwanza ni vichangamanishi, yaani tofauti nyingine kati ya makundi zinazoweza kuathiri tokeo, na huko ndiko utakakokaa muda mrefu. Ukilinganisha wavuvi waliokwenda wenyewe kunywa dawa ya kichocho na wasiokwenda, umelinganisha pia waliopo kijijini na waliopo majini. Usiende haraka hapo.

Tunakagua wawili, kila mtu peke yake, hatuonani mpaka wote tumemaliza. Mimi na mwenzangu tulipolinganisha mara ya kwanza tulitofautiana mno mpaka niliona aibu, yeye pia. Tulikaa Capri Point jiwe la juu, mchana mzima, tukagundua tulikuwa hatujakubaliana "data zilizokosekana" zinaanza kutisha wapi kwenye swali letu. Tulipaswa kuliandika kabla kwenye itifaki, ule mpango wa mapitio unaoandikwa kabla ya kuanza. Tukishindwana kabisa tunaye mtu wa tatu.

Jedwali nimelirudia. Safu ya jumla nimeifuta. Ule utafiti niliokuwa nimeupa 8, kwenye safu ya data zilizokosekana sasa una alama nyekundu, na pembeni nimeandika: "Waliokosekana wengi ni wavuvi wenyewe. Makala haisemi ufuatiliaji ulifanyika siku zipi za mwezi." Nimewaandikia waandishi barua pepe kuwauliza. Wakijibu nitarudi hapa kuwaambia.